Mbwa Mdogo Mwenye Ugonjwa wa Fizi: Kitafunio Kinunuliwe Mwisho

Ukiingia duka kuu lolote la Westlands, Kilimani au Karen na kufika kwenye rafu ya vyakula vya mbwa na paka, hutakosa pakiti za vitafunio vya meno: vijiti vyenye mifereji, vijimswaki vya kijani, ngozi kavu iliyofungwa fundo ikafanana na mfupa, vipande vya kwato. Karibu kila pakiti ina picha ya mbwa mwenye meno meupe na ahadi ya pumzi safi. Wengi wanaozichukua wana mbwa mdogo nyumbani, awe Maltese, Shih Tzu, Chihuahua, Yorkshire Terrier au Japanese Spitz, na wamefika pale kwa sababu mdomo wa mbwa umeanza kunuka. Kwa mbwa mdogo, mdomo unaonuka mara nyingi ni dalili ya ugonjwa wa fizi ambao tayari umeshaingia, na hakuna kitafunio, cha bei yoyote ile, kinachotibu ugonjwa huo. Ninachoshikilia ni kwamba kitafunio kina kazi yake na kinafaa kuchaguliwa kwa makini, lakini kwa mbwa ambaye fizi zimeshaugua, hicho ndicho kitu cha mwisho kununuliwa, baada ya daktari na baada ya mswaki. Utaratibu huo ukigeuzwa, mbwa huendelea kuumia huku mwenyewe akiamini anamtibu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu anayeuelewa hawezi kudanganywa na picha ya pakiti. Saa chache tu baada ya jino kusafishwa, vijidudu vya mdomoni hujishikiza juu yake na kutengeneza utando laini usioonekana vizuri kwa macho. Utando huo ukiachwa siku mbili au tatu, madini ya mate huugandisha ukawa ukoga, lile gamba la manjano au kahawia linalokwaruza kidole. Mwenye mbwa huona ukoga na kudhani ndio adui. Adui hasa ni utando ulio hai unaoshuka chini ya ukingo wa ufizi. Mwili unapopambana na vijidudu hivyo, ufizi huvimba, huwa mwekundu na hutoka damu unapoguswa. Hatua hiyo ya kwanza hurekebika kabisa jino likisafishwa. Usipochukua hatua, nyuzi zinazoshika jino hukatika, mfupa wa taya huliwa, na mfuko hufunguka kati ya jino na ufizi. Madaktari wa meno ya wanyama huugawa ugonjwa huu katika daraja nne: la pili ni pale jino linapopoteza hadi robo ya mshiko wake, la tatu ni kati ya robo na nusu, la nne ni zaidi ya nusu. Kuanzia daraja la pili kwenda juu, kilichopotea kwa kawaida hakirudi. Kinachowezekana ni kuzuia kisiendelee.

Mbwa wadogo wana bahati mbaya zaidi hapa, na sababu ni ya kimaumbile. Mbwa mzima ana meno 42, awe ni German Shepherd wa kulinda lango huko Lavington au Chihuahua wa kilo mbili anayelala kwenye kochi. Taya imepunguzwa na wafugaji kizazi baada ya kizazi, lakini meno hayakupungua kwa kiasi hicho. Kwa hiyo yanabanana, mengine yanakaa upande, meno ya utotoni wakati mwingine yanakataa kung'oka, na utando unapata pembe nyingi za kujificha. Mzizi wa gego kubwa la chini kwa mbwa wa namna hii hufika karibu na ukingo wa taya. Mfupa unaouzunguka ukiliwa na ugonjwa, taya inaweza kuvunjika kwa kitu kidogo kama kuruka kutoka kitandani au kutafuna kitu kigumu. Sehemu ya juu, mfupa unaotenganisha mzizi wa chonge na pua ni mwembamba sana. Ukitoboka, mbwa huanza kupiga chafya na kutoa makamasi upande mmoja, na mwenye mbwa hununua dawa ya mafua kwa tatizo la jino.

Ushahidi kwamba utando ndio chanzo ni wa zamani na imara. Mwaka 1975 Jan Lindhe na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia mbwa wa aina ya Beagle kwa miaka minne. Waliopigwa mswaki kila siku fizi zao zilibaki nzima. Walioachwa utando ujijenge walipata fizi zilizoumuka, na wengi wao wakaanza kupoteza mfupa. Utafiti mwingine ulifanyika hapa kwetu, ingawa kwa watu. Mwaka 1988 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji, ambaye ni Mkenya, walichapisha uchunguzi wa fizi za watu wazima zaidi ya elfu moja wa Machakos. Walikuta utando na ukoga kila mahali na fizi zilizovimba kwa wengi, lakini uharibifu mkubwa wa mshiko wa meno ulikuwa umekusanyika kwa sehemu ndogo ya watu. Maana yake kwa mwenye mbwa ni nzito. Wingi wa ukoga unaoonekana haukuambii ugonjwa umefika wapi. Kuna mdomo wenye ukoga mwingi na mfupa mzima, na kuna mdomo wenye meno yanayopendeza juu huku mizizi ikining'inia. Vitafunio vingi vinasifiwa kwa kupunguza ukoga wa juu. Vinaweza kweli kulifanya jino ling'ae wakati mfuko ulio chini ya ufizi unaendelea kuchimba, na hilo ndilo jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote katika biashara hii, kwa sababu jino likishang'aa mwenyewe haoni tena haja ya kwenda kwa daktari.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa dukani, mwangalie mbwa wako mdomoni. Mkalishe mahali penye mwanga wa dirisha, mshike taratibu juu ya pua, kisha inua mdomo wa juu kwa kidole gumba, usiufumbue mdomo wote. Tazama jino kubwa la nyuma la juu, lile lililo chini ya jicho, kwa sababu ukoga hupenda kuanzia hapo. Usitazame rangi ya jino peke yake. Tazama mstari ambapo ufizi unakutana na jino. Ufizi mzima una ukingo mkali na rangi ya waridi, au mweusi kwa mbwa wenye rangi hiyo kiasili. Ukiona mstari mwekundu, ukingo uliotuna, ufizi uliopanda ukaacha mzizi wazi, usaha, au jino linalocheza, umeshapita hatua ya vitafunio. Angalia pia anavyokula. Mbwa mwenye maumivu ya kinywa mara chache huacha kula kabisa. Hutafuna upande mmoja, hudondosha tembe za chakula, humeza bila kutafuna, au huanza kupenda mchuzi na kukataa kikavu. Anayesema mbwa wake hana maumivu kwa kuwa bado anakula, ajue kwamba mnyama mwenye njaa hula na maumivu yake.

Kwa Nairobi kuna jambo moja zaidi, nalo linasahaulika. Kupe wapo katika bustani za Karen, Loresho na Kabete, na magonjwa wanayoyaleta, hasa ehrlichia, yanaweza kupunguza chembe zinazogandisha damu. Mbwa wa namna hiyo anaweza kutoka damu fizini au puani, au kuwa na vidoa vyekundu vidogo juu ya ufizi na ngozi ya tumbo, bila meno yake kuwa na hatia kubwa. Mwingine mwenye babesia hupata fizi zilizopauka kama karatasi. Mdomo wa mbwa mzee unaweza pia kunuka kwa sababu figo zimechoka. Ndiyo maana kipimo cha damu huja kabla ya kusafisha meno: kinaonyesha kama damu inatokana na fizi kweli, na kinaonyesha kama mbwa anaweza kuhimili nusukaputi. Nenda kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, na usione haya kuuliza kama kliniki ina mashine ya eksirei ya meno, au kama inampeleka mbwa kwingine kwa kipimo hicho. Upande wa magharibi wa jiji una kliniki nyingi za wanyama wadogo, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki yake katika Kitivo cha Tiba ya Mifugo huko Upper Kabete, ambako madaktari wengi wa mifugo wa nchi hii hufundishwa.

Usafishaji wa kweli hufanywa mbwa akiwa amelala kwa nusukaputi, na mpira wa kupumulia ukiwa kooni ili maji na vijidudu visiingie mapafuni. Daktari hupima kina cha ufizi kuzunguka kila jino, huondoa ukoga wa juu na wa chini ya ufizi, hung'arisha jino ili utando usipate mahali penye mikwaruzo pa kujishikiza, na hung'oa yale ambayo hayawezi kuokolewa. Wengi huogopa nusukaputi kwa mbwa mdogo au mzee, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Mwili mdogo hupoteza joto haraka na kipimo cha dawa hakina nafasi ya kukosea. Lakini hofu hiyo hupunguzwa kwa kupima damu, kusikiliza moyo, kumpasha joto mezani na kuwa na mtu wa kufuatilia pumzi na mapigo muda wote. Uliza mambo hayo kabla hujakubali tarehe, na kliniki nzuri itayajibu bila kukasirika. Upande wa pili wa mizani kuna maambukizi ya kila siku na maumivu ya miaka, na mbwa anayeahirishwa kwa sababu ana miaka minane atahitaji nusukaputi ile ile akiwa na miaka kumi na mbili na moyo dhaifu zaidi.

Wapo watakaokuambia kwamba meno yanaweza kukwanguliwa mbwa akiwa macho, kwa bei nafuu. Kazi hiyo huondoa gamba linaloonekana na kuacha lililo chini ya ufizi, yaani huondoa kile kisichouma na kuacha kinachouma. Chuo cha madaktari wa meno ya wanyama cha Marekani kimeipinga waziwazi. Wengine hununua dawa ya vijidudu agroveti na kumpa mbwa kwa wiki moja. Harufu hupungua kweli, kisha hurudi, kwa sababu utando huwakinga vijidudu vilivyomo na dawa haiwezi kuukwangua. Katikati ya harufu moja na nyingine mfupa umeendelea kuliwa. Kumpa mbwa wa namna hii kitafunio juu ya fizi mbichi ni kupaka rangi ukuta ambao bomba ndani yake linavuja. Tena kuna madhara ya moja kwa moja: kinamchoma, kinaweza kuling'oa nusu jino linalocheza, na kikimuuma mara moja au mbili mbwa hujifunza kukikataa hata baada ya kupona, ukawa umejinyima chombo ambacho kingekufaa baadaye.

Baada ya kusafishwa, utando huanza upya siku hiyo hiyo. Hapa ndipo kazi ya nyumbani inapoanza, na mswaki ndio unaotangulia. Utafiti ulioongozwa na Colin Harvey na kuchapishwa mwaka 2015 ulilinganisha mbwa waliopigwa mswaki kila siku, kwa kuruka siku moja moja, mara moja kwa wiki, na mara moja kwa wiki mbili. Waliopigwa kila siku au kwa kuruka siku moja moja ndio walionufaika wazi. Mswaki laini wa mtoto mdogo unatosha, au kitambaa safi kilichozungushwa kidoleni mwanzoni. Dawa ya meno ya watu usitumie: ina floridi na povu lisilofaa kumezwa, na nyingine zina zailitoli, sukari mbadala ambayo hata kidogo tu inaweza kumshusha mbwa mdogo sukari ya damu na kumharibu ini. Kwenye lebo huandikwa xylitol au E967. Maji matupu yanafanya kazi, kwa kuwa kinachoondoa utando ni msuguano. Anza na upande wa nje wa meno ya juu, mswaki ukiwa umeinamia ukingo wa ufizi, sekunde thelathini kila upande, na ikiwa meno yaling'olewa subiri mpaka daktari aseme vidonda vimefunga. Mswaki wa mti ambao watu wengi wa Eastleigh na Pwani huutumia vizuri vinywani mwao usimpe mbwa autafune. Ataukata vipande na kuvimeza, au kijiti kitamchoma kaakaani.

Wasomaji wengi watasema hapa kwamba mbwa wao hakubali, au kwamba wanatoka nyumbani alfajiri kukwepa msongamano wa Waiyaki Way na Ngong Road na kurudi usiku. Kuhusu kukubali, kinachoshindikana mara nyingi ni haraka. Wiki ya kwanza gusa mdomo tu na umpe kipande cha chakula chake. Wiki ya pili kidole chenye mchuzi wa kuku usio na chumvi wala kitunguu. Mswaki uje baadaye. Kuhusu muda, katika nyumba nyingi za Nairobi anayeshinda na mbwa ni dada wa kazi au mtunza bustani. Huyo ndiye afundishwe, aonyeshwe kwa vitendo, na apewe muda wa kazi hiyo kama anavyopewa muda wa kufua. Siyo haki kumwachia mbwa wako halafu ukamlaumu mdomo ukinuka. Kama mswaki umeshindikana kabisa, muulize daktari kuhusu jeli au dawa ya kusukutua yenye klorheksidini. Na hapo ndipo kitafunio kinapata uzito wake.

Sasa, mbele ya rafu, ukiwa na mbwa ambaye fizi zake zimetibiwa, jambo la kwanza la kutazama ni ushahidi. Marekani kuna Veterinary Oral Health Council, baraza lililoanzishwa mwaka 1997, ambalo hukagua majaribio ya kampuni na kutoa muhuri wa herufi VOHC kwa bidhaa zilizoonyesha kupunguza utando, au ukoga, au vyote viwili, kwa kiwango kilichowekwa. Baraza halijaribu bidhaa lenyewe. Husoma takwimu za majaribio yaliyofanywa kwa masharti yake. Muhuri pia hauahidi kuondoa utando wote, na kiwango cha chini kinachokubaliwa kiko mbali sana na asilimia 100. Hata hivyo ni bora mara nyingi kuliko neno la muuzaji, na orodha ya bidhaa zenye muhuri iko wazi intaneti, unaweza kuifungua kwa simu ukiwa umesimama pale pale dukani. Soma muhuri umetolewa kwa nini. Kwa mbwa mwenye historia ya ugonjwa wa fizi, chagua uliotolewa kwa utando kabla ya uliotolewa kwa ukoga peke yake. Vitafunio vingine vina kemikali zinazoshika madini ya mate yasigande, na hivyo hupunguza ukoga. Vingine vina delmopinol, inayofanya utando ushindwe kujishikiza. Vilivyobaki hutegemea msuguano tu. Maneno kama "asili", "mnanaa" au "hung'arisha" hayakuambii chochote kuhusu fizi.

La pili ni ugumu, na kwa mbwa mdogo mwenye mfupa wa taya uliopungua, hili lina uzito kuliko lile la kwanza. Bonyeza kitafunio kwa ukucha. Kama ukucha hauachi alama, ni kigumu mno. Kwato za ng'ombe, pembe, mifupa mikavu, plastiki ngumu ya nailoni na zile jibini zilizokaushwa zikawa jiwe hushindwa mtihani huu. Jino kubwa la juu la nyuma, lile lile lililo chini ya jicho, hupasuka kipande cha upande wake mbwa anapobana kitu kigumu, na mara nyingi kiini cha jino hubaki wazi. Kitafunio kizuri hupinda kidogo, na jino huzama ndani yake hadi karibu na ufizi kabla hakijakatika. Hapo ndipo msuguano unapopatikana. Kikikatika mara moja kama biskuti, hakijafanya lolote.

La tatu ni ukubwa na shibe. Chukua kile kilichoandikwa uzito wa mbwa wako, wala usikate cha mbwa mkubwa vipande viwili ili kuokoa pesa, kwa sababu kipande kifupi humezwa. Mbwa wa kilo nne anayekaa ndani anahitaji takriban kalori 300 kwa siku, pengine chini ya hapo kama amehasiwa. Kanuni ya kawaida ni kwamba vitu vya ziada visizidi sehemu moja ya kumi, yaani kalori 30. Kuna vitafunio vyenye kalori 50 na zaidi kwa kimoja. Ukitoa hicho kila siku bila kupunguza chakula, baada ya miezi michache umepata mbwa mnene mwenye meno safi kiasi. Kama mbwa ana kisukari, ugonjwa wa figo, kongosho lenye matatizo au mzio wa nyama fulani, peleka picha ya orodha ya viungo kwa daktari kabla hujanunua.

Pingamizi linalosikika zaidi mjini ni la mifupa. Mbwa wa kijijini hula mifupa na ugali, hajui mswaki, na meno yake ni meupe, kwa nini tusipite City Market pale Muindi Mbingu Street au bucha ya Kangemi tukachukua mfupa wa ng'ombe? Swali hili linastahili jibu la heshima, kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Watafiti wa Brazil walichapisha mwaka 2016 jaribio la kuwapa mbwa wa Beagle mifupa mibichi ya ng'ombe, na ukoga ulipungua sana ndani ya siku chache. Lakini tazama walichopima: ukoga, kwa Beagle wachache wazima, kwa muda mfupi. Hawakuwa mbwa wa kilo tatu wenye fizi zilizoliwa. Mfupa unaoweza kukwangua ukoga mgumu unaweza pia kupasua jino, na kwa taya iliyodhoofika unaweza kuvunja zaidi ya jino. Mfupa uliopikwa, hasa wa kuku, hupasuka vipande vyenye ncha na hautolewi kwa mbwa yeyote. Nyama mbichi nayo huleta salmonella jikoni kwako. Kuhusu mbwa wa kijijini, huyo ni mbwa wa kilo kumi na tano na zaidi, mwenye uso mrefu na meno yaliyopangika, na wengi wao hawafiki umri ambao Maltese wa Kileleshwa anafika. Wala hakuna anayewainua midomo kuwakagua. Kama watu wa Machakos, wapo watakaostahimili utando bila kupoteza mfupa. Mbwa wako ameshaonyesha kwamba si mmoja wao.

Ngozi kavu iliyofungwa fundo nayo ina watetezi. Ni rahisi, na mbwa huishughulikia muda mrefu. Tatizo ni kwamba ikilowa huwa mlenda, mbwa mdogo huimeza kipande kizima, na kipande hicho huvimba kooni au tumboni. Masikio na koo za ng'ombe zilizokaushwa ni laini zaidi, lakini zina mafuta mengi na hukaushwa kwa viwango tofauti. Osha mikono baada ya kuzishika. Kwa mbwa tunayemzungumzia, nisingechagua chochote kati ya hivi.

Gharama ni pingamizi la kweli, na haifai kulijibu kwa kumwambia mtu kwamba anayependa mbwa hahesabu. Hesabu. Kitafunio hufanya kazi kwa kiwango kilichopimwa pale tu kinapotolewa kila siku, kwa hiyo pakiti ya vipande saba ni ya wiki moja, na bei yake izidishe kwa nne na zaidi upate bei ya mwezi. Wengi hununua pakiti moja, hutoa kipande kila Jumapili, na kudhani wamefanya jambo. Kipande cha Jumapili hakina faida kwa fizi, kwa sababu ukoga umeshaganda kabla ya Jumatano. Kama bajeti ni finyu, acha vitafunio kabisa, nunua mswaki mmoja wa mtoto, na weka kando pesa za vitafunio kila mwezi kwa ajili ya kipimo na usafishaji wa mwaka. Kama bajeti inaruhusu vyote, mswaki jioni na kitafunio asubuhi ni mpango mzuri, maana kitafunio husugua zaidi meno ya nyuma na karibu hakigusi yale ya mbele na chonge.

Unapokitoa, kaa naye. Shika ncha moja mkononi na umwachie atafune kwa upande mmoja, kisha geuza umpe upande wa pili, kwa kuwa mbwa wengi wana upande wanaoupendelea na ule mwingine hubaki na utando. Dakika kadhaa za kutafuna ndizo unazozilipia. Akimaliza kwa kumeza mara mbili, ukubwa au aina imekosewa. Ondoa kipande kilichobaki kikiwa kidogo cha kuweza kukwama, na weka maji karibu. Ukiona damu kwenye kitafunio, acha mara moja na mrudishe kwa daktari, kwa sababu fizi zilizopona hazitoki damu kwa kutafuna kitu laini. Na hata kama kila kitu kinaenda vizuri, mbwa mdogo aliyewahi kuugua fizi akaguliwe kila miezi sita.

Kuna mbwa ambao hawahitaji kitafunio tena. Ugonjwa ukifika daraja la nne kwenye meno mengi, daktari anaweza kushauri kung'oa karibu yote, na wenye mbwa hulia wakidhani wanamhukumu njaa. Mbwa hatafuni kama ng'ombe. Hushika, hukata na kumeza, na ulimi wake hufanya sehemu kubwa ya kazi. Mbwa aliyeng'olewa meno yote hula chakula laini vizuri, baada ya vidonda kufunga wengi hula hata tembe zilizolowekwa, na mara nyingi huongezeka uzito kwa kuwa hakuna tena kinachomuuma. Kama daktari wako amependekeza hivyo baada ya kukuonyesha picha za eksirei, kubali, na usimnunulie kitafunio cha kumfariji.